Mahali pa Aliyechoka

Tarehe 3 Machi

Kwako Mchungaji Kidole,

Kabla ya yote tafuta mahali ukae, maana habari hii si ya kusomwa kwa kusimama. Mjomba wako amekuwa mtu mkubwa. Nchi nzima, popote patakapowekwa Kiti cha Kiongozi, kitakuwa kimetoka mikononi mwangu. Mimi niliyefukuzwa shule kabla ya kujua kugawanya, ndiye ninayemkalisha Kiongozi.

Haya, umeshanishangilia, sasa nipunguze. Hapa karakana ya serikali tuko mafundi wengi kama siafu. Yuko anayechonga maegemeo, yuko wa nembo, yuko wa mito, yuko wa kupaka rangi ya dhahabu. Mimi nachonga miguu ya nyuma. Tena si yote miwili, ni wa kushoto tu. Wa kulia anachonga bwana mmoja ambaye hatusalimiani, kwa hiyo ukikuta kiti kinayumba, mwenye kosa unamjua.

Salamu sasa. Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana barua zenu zinachelewa na mimi nazeeka. Mama yako hajambo. Anakohoa asubuhi tu, mchana anapata nguvu za kunigombeza. Tangu nimpe dada yangu huyo chumba cha mbele amejifanya mwenye nyumba na mimi mpangaji. Anauliza unakula nini. Ukijibu, andika kwamba unakula sana, hata kama ni uongo. Bati la jikoni limetoboka, na mvua yote inalenga sufuria yangu. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la randa, sasa nafanya kazi kwa kuomba ruhusa.

Na wewe bwana unayefungua barua hii kwa mvuke wa birika kabla ya mpwa wangu, hujambo? Safari iliyopita ulitia gundi nyingi mno, karatasi ikakauka kama kola ya hakimu. Paka kidogo kwa ncha ya kidole, usubiri, ndipo ubandike. Nakufundisha bure.

Jambo lenyewe ni hili. Viti hivi vinakuja kwenu. Kila nyumba ya ibada, ya dini yoyote, itawekewa kimoja mbele kabisa juu ya zulia jekundu, na hakuna wa kukikalia isipokuwa Kiongozi mwenyewe, ambaye kwa wingi wa shughuli zake pengine hatafika kwenu mpaka wajukuu zako wazeeke. Watu wataingia, watakiinamia, ndipo mtaanza mambo yenu ya mbinguni. Mambo hayo ya mbinguni unajua mimi nayo hatujaelewana, ila viti navijua. Kiti ni mbao. Kiinamie, pita zako, uhubiri.

Nimekuandikia mapema kwa sababu nakujua. Jina la Kidole nilikupa mimi, ulipokuwa mtoto wa kike usiyepita mtu bila kumnyooshea kidole kwa dhambi zake, na mimi nikiwa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii mkono uweke mfukoni.

Mjomba wako,
fundi wa mguu wa kushoto


Tarehe 26 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Barua yako imefika na gundi ya kiasi, kwa hiyo mafunzo yako yamezaa matunda.

Mimi sijambo. Mafua yameisha. Nyumba ya mchungaji ina popo darini, lakini tumegawana: wao usiku, mimi mchana. Kwaya imepata mwimbaji mpya mwenye sauti kubwa asiyejua wimbo hata mmoja, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Mwambie Mama nakula sana, na mara hii si uongo.

Kiti kimekuja kwa lori, kimefungwa magunia kama mgonjwa. Nilipiga magoti nikatazama miguu ya nyuma. Wa kushoto ni kazi safi. Wa kulia ni mfupi, tumeuwekea kipande cha boksi.

Nadhani niliwahi kukueleza kuhusu benchi letu la mbele. Kanisa hili halina viti vya wazee wala vya wageni wa heshima. Tangu lilipokuwa ghala tupu na waumini wachache, nafasi ya mbele ni ya mtu aliyekuja amechoka kuliko wote. Hakuna anayepanga. Watu wanaingia, wanatazamana, wanajua. Leo ni mama mwenye mimba kubwa, wiki ijayo ni mpakia mizigo, mwingine ni yule aliyekesha na mgonjwa. Mara nyingine wawili wanabishana nani kachoka zaidi, tunacheka, wanakaa wote. Nilipofika hapa nilidhani ni mchezo. Sasa nadhani ndiyo mahubiri yao, na yangu ni nyongeza.

Bwana Mkaguzi wa Nyumba za Ibada ameagiza benchi litolewe. Liko nje, limeegemezwa ukutani. Kiti kimewekwa mahali pake.

Unasema kiti ni mbao. Msalaba wetu pia ni mbao, Mjomba. Sibishi, nauliza tu.

Mpwa wako


Tarehe 18 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hii nampa dereva wa lori la saruji, mtu wa kwaya yetu, akufikishie mkononi, maana haifai kupita kwa rafiki yako wa birika. Mama mpe salamu zangu, lakini usimsomee. Sisi hatujambo. Popo hawajambo.

Jumapili ya kwanza ya kiti, Bwana Mkaguzi alikuja mwenyewe, akaketi safu ya pili, kofia magotini. Watu walitakiwa wainame wakiingia. Wengine waliinama. Wengine walijikuna ugoko. Wengine walifunga kamba za viatu, na sijawahi kuona kanisa lenye kamba nyingi zilizolegea kiasi kile. Mimi niliangalia kitabu changu, na hiyo si sifa.

Tukiwa katikati ya wimbo wa pili akaingia Mama Magoti. Humjui. Ni mama mnene wa makamo, anafua mashuka ya hospitali kwa mkono. Magoti yake yameharibika kwa kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji, ndiyo maana ya jina. Huchelewa kila Jumapili, kwa hiyo tangazo la kiti lilimpita. Akaja moja kwa moja mbele, kama anavyokuja siku zote akitoka zamu. Akaona benchi halipo, pana kiti chenye mto mwekundu na rangi ya dhahabu. Akasimama, akatugeukia, macho yamejaa machozi.

"Jamani," akasema, "mmeninunulia na mto."

Akakaa. Akavua viatu. Kabla ya ubeti wa mwisho alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea nembo.

Bwana Mkaguzi akainuka, akaja mpaka karibu na mimbari, akaniambia kwa sauti ya chini, maana yeye si mtu wa kelele: "Mchungaji, mwambie huyo mama ainuke."

Nilimtazama Mama Magoti. Miguu ilikuwa imevimba, alama za kanda za viatu zimezama kwenye nyama. Mjomba, sikuwaza nchi, wala sikuwaza Kiongozi. Niliwaza kwamba nikimwamsha nitalazimika kumweleza kwamba mto ule si wake.

Nikawaambia watu, "Tuendelee na wimbo, lakini polepole, tusimwamshe."

Wakaimba kama wanaobembeleza mtoto. Hata yule wa sauti kubwa.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Wanataka jambo dogo, ndivyo wanavyoliita. Nisimame mimbarini nimtoe Mama Magoti nje mbele ya watu wote, kisha niseme: kiti hiki ni cha Kiongozi peke yake, na aliyekikalia ameikosea nchi. Nikisema, yamekwisha. Nisiposema, nitachukuliwa. Wamenipa muda wa kufikiri. Mama Magoti alipoambiwa alitaka kwenda kujisalimisha na ndoo yake mkononi, tukamzuia.

Usidhani nina ujasiri.

Mpwa wako


Tarehe 9 Mei

Kidole,

Nimepata. Dereva wako ananisubiri na injini inanguruma, kwa hiyo salamu uzijaze mwenyewe. Mama yako anakohoa vilevile. Nilimwambia nina barua yako, sikuweza kuficha kwa sababu alimwona dereva, nikamsomea mwanzo na mwisho, katikati nikamwekea habari za kwaya. Alifurahi mpaka nikaona haya.

Nilicheka habari ya mto, nilicheka mpaka yule wa mguu wa kulia akaniuliza kuna nini, na huyo hatujasemeshana tangu mwaka juzi. Halafu nikafika kwenye "nitachukuliwa", kicheko kikakauka.

Sikiliza. Sema hiyo sentensi. Ni maneno, hayana uzito wowote, nimeyabeba mengi najua. Nimemwambia msimamizi wangu kwamba anaimba vizuri. Nimemwambia mke wangu, Mungu amrehemu, kwamba nilikuwa kwenye msiba. Nimepiga makofi kwenye hotuba mpaka viganja vikaota sugu. Na nipo, nakula, nina meno. Huyo Mungu wako, kama yuko, anajua kwamba umelazimishwa. Kama hajui, basi Bwana Mkaguzi anamzidi kwa habari, na sioni kwa nini ufungwe kwa ajili yake.

Huyo mama mwombe radhi baadaye, kwa siri. Mpe mto mwingine, nitautengeneza mimi.

Baba yako alipofariki nilikubeba mgongoni kutoka kwenye basi mpaka nyumbani, hukuwa na hata jino. Ulinikojolea shati la sikukuu. Sijawahi kukudai lile shati. Nadai sasa. Sema sentensi.

Mjomba wako


Tarehe 1 Juni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini Mama anaendelea vizuri na bati limezibwa. Huku baridi imeanza. Wasichana ninaowafundisha kushona wamenishonea sweta, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Ninalo mwilini.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ungekuwa karibu ungenishinda, maana ukinitazama usoni sijui kukukatalia. Kwa hiyo ni bahati kwamba uko mbali.

Nilijaribu kuisema hiyo sentensi chumbani, peke yangu, mbele ya kioo. Nusu ya kwanza ilitoka. Nikafika kwenye kumtoa yule mama nje, nikakigeuzia kioo ukutani. Wao hawataki heshima ya kiti, Mjomba. Wangeitaka wangeweka askari na uzio. Wanataka kinywa hiki ninachosemea "njooni" kiseme "ondoka". Nikishaweza kusema hivyo mara moja, Jumapili inayofuata nitahubiri nini?

Kuhusu lile shati, una haki. Nalia kidogo nikiandika hapa, kwa hiyo usijali alama.

Dereva hatapita tena njia hii. Usihangaike nikikaa kimya.

Mpwa wako


Tarehe 22 Julai

Mpwa wangu mheshimiwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika hali njema ya kiafya. Sisi sote huku nyumbani ni wazima na tunaendelea vyema na shughuli za ujenzi wa taifa.

Madhumuni ya barua hii ni kukusihi, kama mzee wako na mlezi wako, ukubali kutii maelekezo halali ya mamlaka kuhusu Kiti cha Kiongozi. Utii ni msingi wa amani. Kukaidi kwako kumeiletea fedheha familia yetu, ambayo daima imekuwa mstari wa mbele katika uzalendo. Natumaini utatoa tamko lililoagizwa bila kuchelewa.

Kumbuka jinsi mjomba wako nilivyokuwa nikikushika mkono na kukupeleka kanisani kila Jumapili bila kukosa, na jinsi nilivyokuwa nikikaa kando yako kwa unyenyekevu mpaka mwisho wa ibada. Mafundisho niliyokupa siku zile ndiyo haya haya ninayokupa leo. Yashike kama ulivyoyashika yale.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjomba


Tarehe 14 Septemba

Mjomba wangu, mzee wangu wa kanisa, mcha Mungu mkubwa wa ukoo wetu,

Shikamoo sana. Nipo nyumbani kwangu. Soma tena mstari huo, kisha mwite Mama umsomee, safari hii bila kuruka. Nipo nyumbani, mlango uko wazi, nimeoga, nimekunywa chai, popo wamenipokea. Nimepungua kidogo na nina kikohozi kama cha Mama. Hakuna aliyenipiga. Tulikuwa wanawake wengi katika chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya ofisi, tukilala juu ya maboksi, na kilichonitesa zaidi ni kutojua ni siku gani.

Sasa nikueleze kuhusu barua yako ya Julai. Kuna jambo usilolijua. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilikuwa nimechoka, Mjomba, nilikuwa nimeamua kwamba akija Bwana Mkaguzi nitamwambia nipeleke mimbarini nikaseme. Akaja, ana barua mkononi, imekwisha kufunguliwa. Akasema ni ya mjomba wangu, akanisomea mwenyewe kwa sauti, kwa upole, ili inilainishe. "Mpwa wangu mheshimiwa." Nikajua wamekukamata. Mimi kwako ni mambo yote lakini mheshimiwa sijawahi kuwa. Nikasikiliza mengine, ujenzi wa taifa, msingi wa amani, nikawa nalia. Halafu akafika pale unaponishika mkono kunipeleka kanisani kila Jumapili.

Wewe. Uliyekuwa ukituacha mimi na Mama getini pa kanisa na kwenda kucheza bao. Uliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za bao wakati wenzangu wanafundishwa amri kumi.

Nilicheka mpaka Bwana Mkaguzi akaniuliza kama ni mgonjwa. Wanawake wenzangu wakaanza kucheka bila kujua sababu. Mtu mzima, mjomba mzima, amekaa mbele ya wakubwa na akapata njia ya kuniambia kwamba kila lililo katika karatasi ile si lake. "Yashike kama ulivyoyashika yale." Nilipomaliza kucheka sikuweza tena kukumbuka kwa nini nilikuwa nimekubali. Nikamwambia Bwana Mkaguzi sina tamko.

Mengine nimesimuliwa na Mama Magoti. Nilipochukuliwa, kanisa halikufungwa. Jumapili iliyofuata wakaingia, wakatazamana kama kawaida, wakaona aliyechoka zaidi ni mchimba makaburi. Akaenda akakaa kwenye kiti. Akachukuliwa kuhojiwa. Walipomwachia, Jumapili yake alikuja hajalala, kwa hiyo nani kachoka kumzidi? Akakaa tena. Wakamchukua yeye na wawili waliomsindikiza. Wakarudi, sasa wamechoka watatu, wakapokezana katikati ya ibada. Kadiri walivyohojiwa ndivyo walivyozidi kustahili. Nasikia hata wenzetu wa ng'ambo ya barabara, ambao siku yao ya ibada si yetu, walianza kuwakalisha wazee wao.

Mwishowe Bwana Mkaguzi akaamriwa alinde kiti mwenyewe. Akawa anasimama kando yake ibada nzima, kofia kichwani, Jumapili baada ya Jumapili, na siku za katikati anazunguka kwenye nyumba nyingine za ibada kusimama vilevile. Ibada zetu unazijua, ni ndefu. Siku moja watu wakaingia, wakatazamana. Wote walikuwa wamefikia jibu moja na hakuna aliyetaka kulisema. Akainuka Mama Magoti.

"Bwana Mkaguzi," akamwambia, "leo umechoka kuliko sisi wote. Kaa, baba."

Anasema alitazama mlango, akatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vimekazwa kamba mpaka mwisho. Halafu akakaa. Akashika kofia kwa mikono miwili, na hakuna aliyemtazama tena, maana kwetu si adabu kumtazama aliye mbele. Wakaimba wimbo wake polepole.

Wiki ile ile alikuja kunifungulia yeye mwenyewe. Alisema tu kwamba ameandika ripoti kwa wakubwa: kiti kina hitilafu katika mguu wa nyuma wa kulia, ni hatari, kirudishwe karakana. Nikamuuliza, "Na aliyekikalia?" Akasema ripoti yake inahusu samani tu.

Wamekichukua juzi. Kote wamevichukua, nasikia, kwa matengenezo, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Kiongozi bado yupo, picha zake bado zipo, sijidanganyi. Lakini jana tuliliingiza benchi ndani. Lilikuwa limelowa mvua na ubao mmoja umepinda. Leo ibadani nilipopanda mimbarini nilikohoa kabla ya neno la kwanza, na Mama Magoti akaniambia kwa sauti, mbele ya wote, nishuke nikae mbele, leo ni mimi. Nikashuka. Wakaendesha ibada wenyewe.

Nieleze walikufanya nini.

Mpwa wako


Tarehe 6 Oktoba

Kwako Mchungaji Kidole,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni za miezi yote niliyokosa kuamkiwa.

Bahasha yako imefika haijaguswa. Niliigeuzageuza nikatafuta gundi ya rafiki yangu, nikaona mate yako tu. Pengine naye kaenda kupumzika. Nilimsomea mama yako mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Nilijiandaa kushika mkono wake atakapofika pabaya. Akanisikiliza ametulia, akaniambia alijua tangu Juni. Maana wakati uko kimya nilikuwa natunga barua kwa jina lako, namsomea kila nikirudi kazini, karatasi yenyewe ikiwa ni orodha ya bei za misumari. Akasema katika barua moja ulisifu mapishi yake. Mwanangu, akasema, hajawahi kuyasifu mapishi yangu, nikajua mtoto yuko pabaya na mjomba wake ni mwongo wa hovyo. Kumbe alikuwa akikaa na kusikiliza ili mimi nisiumie. Tumekaa hivyo miezi, kila mmoja anamlinda mwenzake, na uji unapoa.

Hawakunifanya kitu. Nieleze kidogo, halafu tusilirudie. Alikuja karakana bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, akanikalisha ofisini kwa msimamizi, akanipa kalamu nzuri, akaanza kunitajia niandike. Mwanangu, nilitaka kuandika. Nisiwe mwongo hapa. Ile barua yako ya Juni nilikuwa nimeisomea nyuma ya lundo la mbao, na nilikuwa nimekukasirikia kwa sababu sikupata la kujibu. Lakini kila neno alilolitaja lilikuwa na sauti ya yule anayesema ondoka, na mkono wangu ndio ulikuwa unaandika. Nikamwambia bwana, hii haifanani na mimi, hataamini, niachie sentensi mbili za kifamilia. Akasema zipi. Nikasema za kumkumbusha malezi ya kanisa. Akafurahi sana, akasema ndiyo hivyo, mzee, gusa moyo.

Sasa ona balaa lililonipata. Yule bwana aliiamini. Akawa anapita Jumapili kuona kama kweli mimi ni mtu wa kanisa, kwa sababu nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu na sahihi. Kwa hiyo mjomba wako, kuanzia Julai mpaka viti vilipoondolewa, amekuwa akienda kanisani na mama yako kila Jumapili bila kukosa, na kukaa kwa unyenyekevu mpaka mwisho wa ibada. Mchungaji wa hapa anahubiri kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi. Nimesimama, nimekaa, nimepiga magoti, nimeimba nyimbo nisizozijua kwa kufungua na kufunga mdomo. Mama yako alikuwa anatabasamu ibada nzima, wala si kwa sababu ya Neno. Bao langu limeota vumbi.

Kwenye hicho kiti cha hapa sikukaa. Ningependa kukuambia nilikaa. Nilikikaribia mara moja, nikajifanya nakagua mguu wa kushoto, nikarudi.

Viti vimerudi karakana kwa wingi, vimerundikana mpaka dirishani, na hakuna anayetuambia tuvifanye nini. Ripoti zote zinasema hitilafu ni mguu wa nyuma wa kulia. Zote, Kidole, nchi nzima, kama vile wakaguzi wote waliambiana, ingawa najua hawakuambiana. Yule bwana wa mguu wa kulia alikaa siku nzima anatazama lundo. Nikaenda nikamwambia miguu yake haina kosa, ni ubingwa wa watu kutafuta pa kuegemezea mambo yao. Akanipa mkono. Tunasalimiana sasa, na ni hasara, maana ana maneno mengi.

Kiongozi yupo, ndiyo. Ila jana nililala mpaka jua likaniunguza mguu, jambo ambalo sikulifanya tangu Aprili, na nilipoamka nilisikia mama yako anamgombeza paka.

Sasa nakuja kwenye dai langu, maana nimeacha kudai lile shati. Nimekaa ibada hizo zote kwa ajili yako. Wewe na Mungu wako wote wawili mna deni. Nakuja huko mwisho wa mwezi na mama yako, nimeomba ruhusa. Nataka Jumapili moja kwenye lile benchi la mbele. Nitakuja na randa, ule ubao uliopinda nitaunyoosha Jumamosi, hilo silihesabu. Usiwaambie watu nimechoka na nini, waache watazamane wenyewe waone. Na mwambie Mama Magoti, nikikoroma, asiniamshe.

Mjomba wako